Mtangazaji Kasifia Ugali, Tukapiga Makofi

Watazamaji wengi wa Kitanzania tuna mizani moja tu ya kumpimia mtangazaji wa kipindi cha safari na mapishi: katusifia au katuponda? Akimega ugali kwa mkono, akatafuna, akafumba macho na kusema mtamu, basi huyo ni mtu wa watu, hana makuu, Mungu ambariki. Akikunja uso kidogo mbele ya bakuli la mlenda, tayari ni mbaguzi, arudi kwao. Hakuna anayeuliza ugali ule kausonga nani, mahindi yametoka shamba gani, na yule mama aliyeinama kwenye moshi nyuma ya mtangazaji anaitwa nani. Mizani hii ni mbovu. Na kwa watu wanaojiita wasomaji, kuendelea kuitumia ni aibu.

Nawaambia ninyi kwa sababu mnasoma riwaya. Euphrase Kezilahabi hakuisifia Ukerewe katika Rosa Mistika. Kitabu kilipigwa vita, kikaondolewa shuleni, na leo hakuna mpenzi wa fasihi ya Kiswahili anayethubutu kusema hakina thamani kwa kuwa kilituumbua. Mkifungua riwaya mnajua maswali ya kuuliza: nani anasimulia? Kasimama wapi? Nani kapewa sauti na nani kawekwa pembeni kama kiti? Sasa mbona mkiwasha king'amuzi mnageuka kuwa watu wa kuhesabu sifa? Mtangazaji wa safari naye ni msimulizi. Ana nafsi yake, ana anachokificha, ana msikilizaji anayemlenga. Tumhakiki hivyo.

Maoni ninayoyasikia yanagawanyika mafungu matatu. La kwanza ni la wapiga makofi: kala kwa mkono, kapanda bodaboda, kasema "asante sana". La pili ni la wenye hasira: kwa nini kaonyesha uswahilini, kwani hakuiona Masaki? La tatu ni la mabalozi wa mlima: wanakaa roho juu wakisubiri kama atasema Kilimanjaro iko Kenya. Akikosea hapo, hata kama kipindi kizima kilikuwa cha maana, kesho yake hakuna kinachojadiliwa zaidi ya mlima. Mafungu yote matatu yanafanana kwa jambo moja. Yanajitazama kwenye kioo cha mgeni na kuuliza, je, nimependeza?

Chukua mfano wa Anthony Bourdain. Mwaka 2014 alileta kipindi chake cha Parts Unknown, cha CNN, hapa Tanzania. Akaanzia Zanzibar, akaenda kwa Wamasai na Ngorongoro. Wengi walimpenda, na sababu nzuri za kumpenda zipo. Kabla ya kuwa sura ya televisheni alikuwa mpishi, na kabla dunia haijamjua kwa safari alikuwa mwandishi. Kitchen Confidential, kitabu chake cha mwaka 2000, kiliwatoa nyuma ya pazia watu wa jikoni: waosha vyombo, wakata vitunguu, wahamiaji wa Amerika ya Kusini na Meksiko wanaopika vyakula vya Kifaransa mjini New York bila mlaji kujua. Mtu wa namna hiyo anajua kwamba sahani haijileti yenyewe mezani.

Lakini angalia njia aliyopita. Visiwa, Wamasai, kreta. Hiyo ndiyo njia ya kipeperushi cha wakala wa utalii, na mtu mwenye jicho kali namna ile aliifuata kama kila mtu. Huo ndio uhakiki aliostahili kutoka kwetu. Badala yake tulibishana kama katupenda au la.

Miaka minne baadaye alikwenda Kenya na mchekeshaji W. Kamau Bell, Mmarekani mweusi mwenye jina la Kikuyu ambaye hakuwa amewahi kukanyaga Afrika. Bourdain alifariki Juni 2018, na kipindi kile kikarushwa Septemba mwaka huohuo. Ndicho cha mwisho chenye masimulizi aliyoyaandika mwenyewe, na mwaka 2019 kilimpatia tuzo ya Emmy ya uandishi, yeye akiwa kaburini. Mwishoni mwa kipindi aliuliza ni nani anayepata nafasi ya kusimulia, akajibu kwamba safari hii ni yeye. Alikiri pia kuwa ile ni hadithi yake yeye, si ya Kamau, si ya Kenya wala ya Wakenya.

Wakenya wengi walikipokea kipindi hicho kama zawadi. Naelewa. Ni CNN hiyohiyo ambayo Julai 2015, Obama akiwa mbioni kufika Nairobi, iliielezea nchi yao kama kitovu cha ugaidi. Watu wakaja juu mtandaoni hadi bosi mmoja wa CNN akapanda ndege kwenda kuomba radhi. Baada ya tusi lile, kipindi cha Bourdain kilikuwa kama maji ya baridi. Lakini hapo ndipo mizani yetu inapotudanganya: tusi na sifa tumeviweka kwenye sahani moja, kimoja kikifuta kingine. Nami nasema hivi: kukiri kwamba kipaza sauti unacho wewe ni uungwana, lakini si sawa na kumpa mwingine akishike. Bourdain alilijua hilo, ndiyo maana alilisema. Sisi watazamaji ndio tuliogeuza ungamo lake kuwa nishani ya kujivunia.

Mimi ni mtu wa Mamboya, Kilosa. Labda ndiyo sababu swali hili linaniwasha. Huku kwetu watu wa kutueleza walifika zamani sana, kabla ya kamera. Njia ya misafara kutoka pwani ilipita hapa, na mwaka 1880 wamisionari wa CMS wakaweka kituo. Mmoja wao, Joseph Last, alikuwa mwandishi hodari. Mwaka 1882 Jumuiya ya Jiografia ya Kifalme ya London ilichapisha habari ya safari yake kutoka Mamboya hadi nchi ya Wanguu. Mwaka uliofuata ikachapisha ziara yake kwa Wamasai walioishi ng'ambo ya nchi hiyo. Mwaka 1886 kikatoka kitabu chake cha sarufi ya Kikaguru. Sarufi nzima, jamani, ya lugha ambayo mtoto wa leo wa Kilosa anaona haya kuizungumza ndani ya basi.

Nani alimfundisha Last maneno yale? Nani alikaa naye akimrudia, si hivyo bwana, sema hivi? Jaladani lipo jina moja. Miaka sabini baadaye akaja Thomas Beidelman, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, akakaa, akajifunza lugha, akaandika kitabu baada ya kitabu juu ya Wakaguru: ukoo wa upande wa mama, unyago, ngano, hata wamisionari wenyewe akawachambua. Ukitaka kubishana na Beidelman unaweza, kwa sababu aliweka mezani alichokiona na jinsi alivyokielewa.

Hao walikaa. Walikula siku ya tatu, ya mia na ya elfu. Wahenga wetu walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mtangazaji wa safari na mapishi ni mgeni aliyetengeneza kazi yake yote ndani ya zile siku mbili. Anafika kuku anachinjwa, anaondoka kabla jembe halijatolewa. Si kosa lake, ndivyo kipindi kinavyotengenezwa. Ila tusiseme katujua.

Na gharama ya kutojua si ndogo. Chukua huyo Mmasai ambaye kamera haiwezi kupita bila kumwona. Tangu enzi za Last mgeni anaondoka Mamboya kwenda kumtazama Mmasai ng'ambo ya milima. Leo kwenye skrini yeye ni shuka jekundu, mruko, na mbuzi wa kuchoma. Kwetu Kilosa ni jirani. Tunanunua maziwa yake, ananunua mahindi yetu, tunakutana mnadani, na tunagombana naye juu ya maji na mipaka. Desemba 2000, katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni, wakulima 38 waliuawa katika mapigano na wafugaji. Mwaka 2009 ikaja operesheni ya Serikali ya kuwaondoa wafugaji na ng'ombe wao wilayani, nao wakapoteza mifugo na makazi. Pande zote mbili zina makaburi na madai.

Hiyo ni habari ya chakula, tena ya chakula hasa: nani alime wapi, nani alishe wapi, mto ni wa nani kiangazi kikikaza. Nyama ile inayosifiwa kwenye televisheni ilikula majani ya mahali fulani, na mahali hapo panagombewa. Mtangazaji akila nyama bila kuuliza majani, kipindi chake kina upungufu, hata atusifie hadi koo likauke. Lakini ni mtazamaji gani aliyewahi kumlaumu kwa hilo?

Wapo wanaosema tatizo ni ugeni: tuweke mwenyeji mbele ya kamera, mambo yatanyooka. Haya, tulimweka, tena mwenyeji namba moja. Katika filamu ya Tanzania: The Royal Tour, Rais Samia Suluhu Hassan mwenyewe alikuwa mwongozaji wa msafara, akimtembeza mwanahabari wa Marekani Peter Greenberg. Ikazinduliwa New York Aprili 2022, kisha ndipo ikaja Arusha, Zanzibar na Dar es Salaam. Maoni yakatoka kama mvua ya masika. Wanaompenda Rais waliipenda filamu, wasiompenda hawakuipenda. Nilisoma mengi wakati ule, na kwa shida nilikuta mtu aliyeihakiki kama filamu: nani anauliza, nani anajibu, kwa lugha ipi, akilengwa nani.

Jibu lilikuwa wazi tangu kwenye tiketi. Filamu inayoanzia New York inazungumza na New York. Ilitengenezwa kuvuta watalii na wawekezaji, na hilo halikufichwa. Ni tangazo, na tangazo lina kazi yake halali. Basi lipimwe kama tangazo. Lakini limetuonyesha kwamba mwenyeji naye anaweza kuitazama nyumba yake kwa jicho la mgeni, akafagia sebule na kufunga mlango wa jikoni. Ndiyo maana pasipoti ya mtangazaji hainishughulishi sana. Mtu wa Masaki akija Mamboya na kamera, akawashangaa watu wanaokula mlenda, ametoka mbali kuliko Bourdain.

Nasikia mtu akisema: ndugu yangu, acha ususuavu, bora tuonekane, watalii walete hela. Sawa, tuongee hela. Mikumi ni hifadhi ya taifa tangu 1964, na ipo mkoa huuhuu, kandokando ya barabara kuu. Mamboya inapata nini kwa mtalii anayepiga picha tembo kule? Tangu 2024 treni ya umeme inapita wilayani kwetu kwenda Dodoma, na mabasi yanapita Dumila mchana na usiku. Kuonekana tunaonekana kila siku, kwenye dirisha. Januari 2014 mafuriko yalipoikumba Magole na kukata barabara pale Dumila, nchi nzima ilituona. Kuonekana hakujawahi kumlipa muuza nyanya. Kinachomlipa ni bei ya tenga, na bei hiyo hakuna kamera inayoiuliza.

Kwa hiyo nawaomba watazamaji wenzangu tubadilishe maswali. Kipindi kijacho kikirushwa, kiwe cha mzungu, cha Mkenya au cha kijana wetu wa mjini mwenye simu na fimbo ya kushikia simu, weka pembeni sifa na matusi. Tazama kama mpishi ametajwa jina, au ni "mama mmoja hapa kijijini". Tazama kama ameachiwa kumaliza sentensi yake kwa lugha yake, au sauti ya mtangazaji imepanda juu yake. Sikiliza kama kuna mtu kijijini aliyempinga mtangazaji na akabaki ndani ya kipindi. Na uone kama chakula kina historia ya shamba, kuni, maji na bei, au kimeanguka mezani kutoka mbinguni.

Kwa maswali hayo, Bourdain atapata alama nzuri mahali pengi na mbovu mahali pengine, kama mwandishi yeyote wa kweli. Wengi wa wanaomuiga hawatafikia hata wastani, maana wameiga mkono wake wa kula wakaacha sikio lake. Na sisi tutakuwa tumeacha kuwa kuku anayemshukuru mgeni kwa kumwita mtamu.

Hakuna kinachotuzuia kuanza. Kurasa hizi zinachapa uhakiki wa riwaya, diwani na tamthilia kila wiki. Uhakiki wa vipindi hivi sijauona, wakati ndivyo vinavyoisimulia nchi kwa watu wengi kuliko riwaya zote tulizonazo. Aandike mtu wa Rudewa, aandike Mmasai wa Mkata, aandike mama lishe wa Dumila au amsimulie mwanawe aandike. Wataje waliopika. Miaka 140 baada ya sarufi ya Last, huko Ukaguru bado tunadai jina la aliyemfundisha.