Maji ya Texas na haki ya jirani asiyetupenda

 

Ndugu msomaji, yumkini umekwishasikia habari ya mji wa Waislamu uliokusudiwa kujengwa Texas, Marekani. Tangu mapema mwaka 2025 habari hiyo imezunguka katika simu zetu, na aghalabu imetufikia ikiwa imefupishwa: kwamba Waislamu wamenunua ardhi kwa fedha zao, na wakubwa wa jimbo wamewawekea vikwazo kwa sababu ya dini yao. Ufupisho huo si uongo. Lakini umekata nusu ya habari, na nusu iliyokatwa ni ile ya maji.

Tuanze na yaliyothibiti. Msikiti wa East Plano Islamic Center, kwa kifupi EPIC, uko katika mji wa Plano, kaskazini mwa Dallas. Miongoni mwa wanachuoni wake ni Sheikh Yasir Qadhi, anayefahamika kwa wengi wetu kwa mihadhara yake. Watu wa msikiti huo, kwa kupitia kampuni iitwayo Community Capital Partners, walitangaza mradi wa makazi katika ekari 402 karibu na mji mdogo wa Josephine, mahali zinapopakana kaunti za Collin na Hunt, takriban kilomita 60 kaskazini mashariki mwa Dallas. Zilikusudiwa nyumba zaidi ya 1,000, msikiti, shule, makazi ya wazee, zahanati na maduka. Jina la kwanza lilikuwa EPIC City. Baadaye mradi ukaitwa The Meadow.

Yaliyofuata ni tufani. Gavana Greg Abbott aliutangazia umma kwamba sharia haina nafasi Texas, ilhali wahusika walikuwa wameeleza kwamba nyumba ni za mnunuzi yeyote na kwamba sheria za nchi ndizo zitakazofuatwa. Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Ken Paxton, akafungua uchunguzi. Ikaingizwa bodi inayosimamia uuzaji wa hisa, ikaingizwa idara inayoshughulikia ubaguzi katika makazi, ikaingizwa hata tume ya shughuli za mazishi. Seneta John Cornyn akaiomba Wizara ya Sheria ya Marekani nayo ichunguze. Wizara ikafungua jalada mwezi Mei 2025 na kulifunga mwezi Juni bila ya kumshitaki mtu. Desemba 2025 Paxton akaushitaki msikiti na kampuni kwa madai ya kukiuka sheria za hisa, madai ambayo wao waliyakana.

Mwenye insafu hawezi kuyaita hayo utaratibu wa kawaida wa kujenga nyumba. Kaunti ya Collin ilikuwa na watu 491,675 mwaka 2000, na mwaka 2020 ikahesabiwa kuwa na 1,064,465. Zaidi ya nusu milioni ya watu walijengewa nyumba katika miaka ishirini, na hatukusikia gavana yeyote akiuliza watakapokufa watazikwa na nani.

Mwishoni mwa Machi 2025 gavana aliwataka wasimamishe ujenzi, kwa hoja kwamba tume ya mazingira ya jimbo haikupokea maombi ya vibali vinavyohitajika. Walijibu kwamba hakuna ujenzi wowote uliokuwa umeanza. Hapo ndipo maji na mazingira yalipoingia katika mgogoro huu kwa kelele, na yaliingia yakiwa silaha mkononi mwa mtu ambaye shabaha yake ilikuwa kwingine.

Lakini silaha hiyo haikubuniwa na gavana. Tarehe 31 Machi 2025 makamishna wa kaunti ya Collin walikutana McKinney, makao ya kaunti, na wananchi wengi wakasimama kusema. Wapo waliosema maneno ya chuki dhidi ya Uislamu, waziwazi, bila ya haya. Wapo pia waliotaja barabara za mashambani zisizobeba magari mengi, mafuriko, shule, huduma za zimamoto, na maji. Na wapo, kama ilivyo desturi ya wanadamu, waliosema yote mawili kwa pumzi moja. Kwa Muislamu aliyekuwa akifuatilia kutoka mbali ilikuwa rahisi mno kuyatia yote katika kapu moja na kuandika juu yake: chuki.

Sasa tulitazame lile la maji peke yake. Si mbali na Josephine upo mji wa Princeton, katika kaunti hiyo hiyo ya Collin. Mwaka 2010 ulikuwa na watu wasiofika 7,000. Mwaka 2020 ukawa nao zaidi ya 17,000. Na hesabu za serikali ya Marekani za mwaka 2024 ziliutaja kuwa mji uliokua kwa kasi kuliko yote nchini humo. Septemba 2024, miezi kadhaa kabla ya gavana kuutaja msikiti wa Plano, halmashauri ya Princeton ilisimamisha kwa muda maombi mapya ya ujenzi wa nyumba, kwa kuwa maji, mifereji ya maji taka, barabara na polisi vilikuwa vimezidiwa. Hapakuwa na msikiti katika jambo lile. Josephine nayo ilikuwa na watu wasiofika 1,000 mwaka 2010, na ilipofika 2020 ilikuwa imepita 2,000. Mkulima wa huko anaposema kwamba anaogopa maji hayatatosha, anasema aliloliona kwa jirani zake.

Na maji hayo yanatoka wapi? Mwaka 2021 lilianza kujazwa bwawa la Bois d'Arc katika kaunti ya Fannin, kaskazini mwa hapo, bwawa kubwa la kwanza kujengwa Texas katika muda wa karibu miaka 30. Halikutosheleza. Kwa miongo kadhaa wapangaji wa maji wa eneo la Dallas na Fort Worth wamekuwa wakitaka bwawa jingine, Marvin Nichols, katika mto Sulphur, ambalo litafunika takriban ekari 66,000 za misitu, malisho na mashamba ya watu wa kaskazini mashariki mwa Texas. Watu wale wamelipinga kizazi baada ya kizazi. Hawana ugomvi na dini ya mtu. Wanasema kwamba mji hauna haki ya kunywa shamba lao. Kila nyumba mpya inayojengwa pembezoni mwa Dallas, awe anayeishi humo anasali au hasali, ni tone jingine katika hoja ya kulijenga bwawa lile.

Tufanye hesabu ndogo. Idara ya mazingira ya Marekani inakadiria kwamba familia ya kawaida ya Kimarekani hutumia zaidi ya galoni 300 za maji kwa siku nyumbani, yaani zaidi ya lita 1,100. Nyumba 1,000 ni zaidi ya lita milioni moja na laki moja kila siku, bila ya kuhesabu shule, zahanati, na udhu wa sala tano. Sehemu kubwa ya maji hayo hurudi kuwa maji taka, nayo sharti yasafishwe na kumwagwa katika kijito fulani, na kijito hicho kina mtu chini yake.

Jibu la wahusika, kwa muhtasari, ni kwamba watafuata sheria zote. Ni jibu zuri, na mbele ya hakimu linatosha. Lakini je, sheria yenyewe inamlinda jirani kwa kiasi gani? Nje ya mipaka ya miji, kaunti za Texas kwa kawaida hazina mamlaka ya kupanga matumizi ya ardhi. Zinakagua ramani ya viwanja, barabara na mitaro, na ramani ikitimiza masharti hulazimika kuipitisha. Ama maji ya chini ya ardhi, msingi wake ni kesi ya mwaka 1904. Kampuni ya reli ilichimba kisima huko Denison, kaskazini mwa kaunti ya Collin, chenye upana wa futi 20 na kina cha futi 66, ikawa inavuta galoni 25,000 kwa siku kwa ajili ya vichwa vya treni na karakana zake. Kisima cha nyumbani cha jirani, bwana East, kikakauka. Mahakama Kuu ya Texas ikaamua kwamba mwenye ardhi ana haki ya kuvuta maji yaliyo chini yake, na jirani hana cha kudai. Mwaka 1999 mahakama hiyo hiyo iliukataa wito wa kuiacha kanuni hiyo, katika kesi ya wenye visima dhidi ya kampuni ya maji ya chupa. Siku hizi ziko wilaya za kusimamia maji ya ardhini, na Collin imo katika mojawapo, lakini shina la kanuni lingali pale pale. Basi mtu anayesema "nimefuata sheria ya Texas" katika jambo la maji amesema kidogo sana.

Na hapa, ndugu msomaji, tusikimbilie kuwacheka Wamarekani. Sisi wa pwani hii tuliosomeshwa Minhaji ya Imamu Nawawi tunafahamu kwamba kwa mujibu wa madhehebu yetu ya Shafii kila mtu huitumia milki yake kwa namna ya kawaida, na halipi ila akivuka mpaka. Washarehe wakafafanua kwamba mtu akichimba kisima au choo katika milki yake kwa desturi ijulikanayo, kisha ukuta wa jirani ukaingia kasoro, au maji ya kisima cha jirani yakabadilika, hana dhamana. Harimu ya kisima, yaani eneo linalokizunguka ambalo mwingine haruhusiwi kuchimba, wameiweka kwa visima vya ardhi isiyo na mwenyewe. Hakimu wa Denison na sharhe za Minhaji, katika mas'ala haya, hawako mbali kama tunavyodhani.

Imamu Malik hakulikubali hilo. Katika al-Mudawwana imepokewa rai yake kwamba mwenye kuchimba kisima kinachokidhuru kisima cha jirani yake huzuiwa, hata akichimba ndani ya nyumba yake, na msingi wake ni ile kanuni mashuhuri ya kutodhuru wala kudhuriana. Mimi ni Shafii, na siiachi madhehebu yangu kwa kila upepo. Lakini mas'ala ya Minhaji yalikuwa ya ndoo na kamba. Mchimbaji hakuweza kuinywa bonde zima. Panapokuja pampu na nyumba elfu moja, "namna ya kawaida" haina tena maana ile waliyoikusudia, na rai ya Malik ndiyo iliyo karibu zaidi na haki. Tena wanaotaka kujenga hapa wameanza na msikiti, na msikiti haufai kujiombea ruhusa iliyo nyepesi kuliko zote.

Wapo watakaosema: jirani huyu ametutukana, tutamjibuje swali lake? Tutamjibu kwa kuwa haki ya ujirani haikuwekewa sharti la mapenzi. Bwana Abdullah bin Amr alipochinjiwa kondoo nyumbani kwake aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amepelekewa. Na tukumbuke ugomvi wa maji wa Madina baina ya Zubeir na mtu wa Ansari: huyu wa pili alidiriki kumtuhumu Mtume (S.A.W.) kwamba amempendelea binamu yake. Ikiwa tuhuma ya upendeleo katika maji ilimfikia mbora wa viumbe, sisi ni nani hata tuseme "tuaminini" ikatosha?

Upande wa pili pia hausalimiki. Kiongozi anayetumia kibali cha maji kumfukuza Muislamu anamdhulumu hata yule mkulima, kwani siku mjenzi mwingine atakapokuja na nyumba 3,000 zisizo na msikiti, malalamiko ya Josephine juu ya maji yatakuwa yamekwisha kuchafuliwa kwa chuki, na kila mjenzi atajua la kujibu.

Kwa mradi huu, na kwa jumuiya yoyote ya Kiislamu inayotaka kujenga mashambani, lililo wajibu linajulikana. Iandikwe na kutangazwa kabla ya kuombwa: maji yatanunuliwa kwa nani, lita ngapi kwa siku, yatapunguzwa kwa kiasi gani mwaka wa ukame ukirudi kama ule wa 2011, maji taka yatamwagwa kijito gani, na nani wanaishi chini ya kijito hicho. Sheria ya Texas inampa mtu atakayeathirika na kibali cha kumwaga maji taka haki ya kuomba shauri lisikilizwe, na mawakili wa wajenzi mara nyingi hujitahidi kumthibitishia hakimu kwamba mlalamikaji hahesabiki kuwa muathirika. Wakili wa msikiti asiutumie mlango huo. Asimame aseme kwamba bwana huyu ni jirani yetu na ana haki ya kusikilizwa, hata akiwa ni yule yule aliyetutukana McKinney.

Wallahu aalam.