Alama za Mtihani Zisikunyime Usingizi

Msomaji, kama wewe au ndugu yako anataka kwenda Marekani kusomea shahada ya uzamili au uzamifu, bila shaka mmesikia habari za GRE. Huu ni mtihani wa shirika la ETS ambao vyuo vingi vimeutumia kwa miaka mingi kuwapima waombaji.

Wanaouogopa hawaji kliniki wakisema hivyo. Huja wakilalamika kuwa moyo unaenda mbio, tumbo linasokota na usingizi umewatoroka. Huomba wapimwe malaria au vidonda vya tumbo. Vipimo visipoonyesha kitu, ndipo mtihani hutajwa.

Hofu kidogo si ugonjwa. Mwili ukihisi hatari hutoa homoni ya adrenalini, ambayo huharakisha moyo na kuifanya akili ikae macho. Taabu huanza hali hiyo inapoendelea usiku na mchana kwa majuma mengi. Usingizi ndio wakati ambapo ubongo huhifadhi yale uliyosoma. Kwa hivyo anayekesha kwa kahawa au miraa huyapoteza usiku aliyoyachuma mchana.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni dawa. Wapo wanaonunua propranololi bila kuandikiwa na daktari, kwa kuwa wamesikia hutuliza moyo na kuzuia mikono kutetemeka. Ni kweli. Lakini mwenye pumu akiimeza aweza kubanwa na pumzi hata akafa. Wengine humeza daiazepamu ili walale. Dawa hii hudhoofisha kumbukumbu, na ukiizoea ni vigumu kuiacha. Anayejiandaa kwa mtihani ataifanyia nini dawa ya kusahau?

Nadhani hofu hii tuliirithi. Kwa miaka mingi mtoto aliyepata alama duni katika KCPE alionekana ameanguka maishani. Mtihani huo ulifanywa mara ya mwisho 2023, lakini kivuli chake kingali nasi.

GRE si hukumu ya aina hiyo. Tangu 2020, idara nyingi za vyuo zimeacha kuudai, kwa hivyo soma masharti ya idara unayoiomba kabla ya kulipa hata senti moja. Tangu Septemba 2023 umefupishwa, nao huchukua muda usiotimia saa mbili. Usiporidhika, waweza kuurudia baada ya siku 21, hadi mara tano katika miezi 12, na ni wewe unayechagua alama zitakazopelekwa chuoni. Tena vyuo hutazama pia matokeo yako ya shahada ya kwanza, barua za walimu wako na maelezo yako mwenyewe.

Najua ada ni nzito, na pengine jamaa wamechanga. Hiyo ndiyo sababu ya kufanya mtihani ukiwa na afya. Lala angalau saa saba, tembea nusu saa kila siku, na usinywe kahawa baada ya adhuhuri. Nanyi wazazi, acheni kuuliza alama kila jioni. Ulizeni kama mtoto amekula na kulala.

Ukikosa usingizi kwa zaidi ya majuma mawili, mwone daktari. Ukianza kuwaza kujiua, usingoje hata kesho. Mwambie mtu wa karibu akupeleke hospitalini siku hiyo hiyo. Mtihani hurudiwa, uhai haurudiwi.