Ramani za Zamani na Majina ya Maji: Funzo kutoka Madogo

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Wakazi wa Madogo, walio ukingo wa magharibi wa Mto Tana mkabala na mji wa Garissa, wameujua ukweli huo kwa uchungu. Mwezi Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa mahali hapo. Mwezi Aprili 2024 maji yalirudi, na mashua iliyokuwa ikivusha abiria ikazama, roho zikapotea.

Chimbuko la mto huo li mbali, katika miteremko ya Mlima Kenya na Nyandarua. Maji hupitia mabwawa, likiwemo Masinga lililokamilika mwaka 1981, kisha hutandaa uwandani. Anayetaka kuifahamu safari hiyo hana budi kuzisoma ramani za zamani za toporafia, ambamo rangi ya samawati huonyesha mito na vijito vya msimu, hata vile ambavyo leo vimejengwa juu yake.

Wapo wasemao kwamba picha za setilaiti zimezifanya ramani hizo kuwa takataka. Sikubaliani nao. Picha ya leo huonyesha mto ulipo leo. Ramani ya zamani hushuhudia ulipopita jana.

Hata hivyo, ramani hizo zina upungufu. Katika zile za kipimo cha 1:50,000, ambazo wanafunzi wa jiografia nchini Kenya wanazifahamu, mistari ya kontua kwa kawaida hupishana kwa mita 20 za mwinuko. Milimani kipimo hicho chatosha. Katika uwanda kama wa Madogo, mita 2 tu zaweza kuamua nyumba ipi isalie na ipi isombwe.

Ujuzi wa mita hizo 2 umehifadhiwa katika lugha. Waorma huita malka pale mifugo inaposhukia mtoni kunywa. Laga nalo ni korongo kavu ambalo hugeuka mto mvua inyeshapo. Mtu akipewa kiwanja ndani ya laga bila kuambiwa jina lake, amepewa hatari.

Kwa hivyo, ni maoni yangu kwamba chama chetu kisikomee kwenye makongamano ya ushairi. Twendeni na nakala za ramani hizo kwa wazee wa Kiorma, Kipokomo, Kimunyoyaya na Kisomali, tuyaandike majina yote ya maji na maana zake kwa Kiswahili, kisha tuyakabidhi kwa shule na kwa wanaogawa viwanja, kabla ya masika mengine kuwadia.