Kwa nini Superman hakwenda Berlin?

Nimeadimika kidogo, si mnajua tena, wiki ya majaribio. Jana usiku umeme ulikatika bwenini, desa likanishinda, tukabaki mimi na mwenzangu wa chumbani tunabishana gizani. Ubishi wenyewe? Katuni za vita. Msinicheke jamani.

Iko hivi. Mwaka 1981 huko Marekani lilianza gazeti la katuni la All-Star Squadron, mtunzi Roy Thomas. Hadithi inakwenda wakati wa Vita Kuu ya Pili: siku Pearl Harbor inaposhambuliwa, 7 Desemba 1941, Rais Roosevelt anawaita mashujaa wote wafanye kazi kikosi kimoja. Wengi wao ni wakongwe kweli, waliobuniwa mwaka 1939 na 1940. Yumo Sandman, mwenye kofia, barakoa na bastola ya gesi ya usingizi, ndugu kabisa wa akina The Shadow na Doc Savage wa yale magazeti ya senti kumi. Yumo Doctor Fate, mchawi. Yumo Spectre, ambaye ni mzimu hasa.

Basi jamaa akaniuliza: ukiwa na mzimu, mchawi na Superman, vita vya miaka yote ile vya nini? Si wanaruka Berlin asubuhi, wanamkamata Hitler, mchana wako kwao wanakula?

Na wazo hilo si geni. Mwaka 1940 waundaji wa Superman wenyewe, Siegel na Shuster, walichora kurasa mbili kwenye jarida la Look. Superman anamnyanyua Hitler, anamnyanyua na Stalin, anawapeleka Geneva mbele ya Ushirika wa Mataifa. Kwisha habari! Gazeti la SS liliwashambulia kwa matusi mwaka huohuo.

Jibu la Thomas ni hili: Hitler ana Mkuki wa Hatima, unaodaiwa kuwa ndio uliomchoma Yesu ubavuni. (Mkuki unaoitwa hivyo upo kweli; Wanazi waliuhamisha kutoka Vienna kwenda Nuremberg mwaka 1938, ukarudishwa 1946.) Kwenye hadithi, shujaa mwenye nguvu za kichawi, au asiye na kinga ya uchawi kama Superman, akitia mguu himaya ya adui anageuka mtumwa wa Hitler. Kwa hiyo wanabaki nyumbani, wanalinda viwanda.

Jamaa anasema huo ni ujanja ujanja tu wa mtunzi. Mimi nasema hapana, ni heshima.

Baba yake babu yangu alikuwa keya. Alipelekwa Burma na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, ile iliyoteremka Bonde la Kabaw mwaka 1944 katikati ya mvua za masika ya kule, tope mpaka magotini na malaria juu. Babu anasema mzee hakupenda kuhadithia. Ila mvua kubwa ikinyesha, alikuwa anatoka anasimama barazani mpaka ikatike.

Sasa kama Superman anamaliza vita kwa kurasa mbili, mzee yule alifuata nini kule? Mkuki unafanya jambo moja la maana: unauondoa ushindi kwa wanaoruka angani, unauacha kwa waliotembea kwa miguu.

Lakini nina mpaka wangu. Kuna hadithi zinazofanya uovu wote wa Wanazi uwe kazi ya majini na vitabu vya kale. Hapo sikubali. Julai 1932 chama cha Hitler kilipata karibu asilimia 37 ya kura, na waliopiga ni watu wenye akili zao. Amri za mauaji zilichapwa na makarani, treni ziliendeshwa kwa ratiba na watu waliorudi nyumbani jioni kula na watoto wao. Hakuna mkuki uliowashika. Uchawi uwazuie mashujaa, sawa, usiwatetee wauaji.

Ombi langu kwa wachoraji: siku moja mchoreni Sandman. Yeye hana uchawi, mkuki haumpati. Amekwama kwenye tope la Kabaw, na keya mmoja anamvuta mkono.

Umeme umerudi. Naomba kuwakilisha, narudi kwenye desa.