Kumhamisha Kifaru: Mwanachuo Ashike Nini Kwanza?

Katika mijadala juu ya elimu kwa vitendo, aghalabu hutolewa mfano wa vyuo vya wanyamapori, kama kile cha Mweka kilichoanzishwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Wapo wasemao kuwa mwanachuo hajajifunza kumlaza usingizi na kumhamisha mnyama mkubwa mpaka afyatue mwenyewe bunduki ya sindano. Mimi sikubaliani nao. Naona sindano iwe ya mwisho kukabidhiwa mikono ya mwanachuo, na yale yanayoifuata yawe ya kwanza.

Sababu moja ni hatari. Etofini, dawa itumiwayo kuwalaza tembo na vifaru, huzidi mofini kwa nguvu zaidi ya mara elfu moja. Kiasi kidogo sana kikimwingia mtu mwilini chaweza kumwua. Hapo hapana nafasi ya kujaribu na kukosea.

Sababu kubwa zaidi ni kwamba kazi nzito huanza mnyama akishaanguka. Tembo akilalia kifua, uzito wake humbana pumzi. Hana budi kugeuzwa upesi alale ubavu, na ncha ya mkonga iwekewe kijiti isizibe. Kifaru hufunikwa macho, huzibwa masikio, humwagiwa maji apatapo joto, na pumzi zake huhesabiwa bila kukoma. Kila kazi katika hizi yaweza kupewa mwanachuo mmoja, daktari wa wanyama akiwa karibu. Wala si kazi za mchezo: anayehesabu pumzi akizubaa, mnyama aweza kufa.

Majirani zetu wa Kenya wametuachia mafunzo mawili. Mwaka 2018 vifaru weusi 11 walihamishwa kutoka Nairobi na Ziwa Nakuru hadi Tsavo Mashariki. Walilazwa, wakapakiwa, wakafika wakiwa hai. Lakini maji waliyoyakuta yalikuwa na chumvi nyingi mno. Kumi wakafa, na wa mwisho akashambuliwa na simba, naye akafa. Januari 2024, katika kuwahamishia wengine Loisaba, kifaru wa kwanza alipigwa sindano lakini hakulala ipasavyo. Kazi ikasimamishwa, akaachwa apate nafuu. Baadaye vifaru 21 walifikishwa salama. Kupima maji na kujua wakati wa kuacha hakuna mshindo kama wa bunduki, lakini ndiko kunakookoa uhai.

Yaweza kuulizwa: asiyefyatua sindano atajiamini vipi siku ya kazi? Na azoee kulenga shabaha ya ubao kwa sindano isiyo na dawa, na akokotoe vipimo kwenye daftari mpaka asikosee. Mnyama apatikanapo, kila mwanachuo awe na kazi yake, na siku nyingine wabadilishane. Wanachuo 40 wakimzunguka kifaru mmoja, watano wakatenda na waliobaki wakatazama, hiyo ni ziara, si somo.

Nasi wakufunzi wa ualimu tujipime kwa kipimo hicho. Mara ngapi tunamkabidhi mwanachuo darasa zima siku ya kwanza ya mazoezi, kabla hatujamfunza kumfuatilia mtoto mmoja baada ya kipindi? Tuanze na kazi ndogo yenye dhamana ya kweli. Hiyo kubwa itafuata.