Machozi kwa ajili ya Rosa

Binti mmoja wa darasa letu la Kipaimara hapa Himbi amesoma Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1971, akalia siku mbili. Mama yake alituomba tumnyang'anye kitabu. Hatukukubali.

Huko Tanzania kiliwahi kupigwa marufuku mashuleni, kisha kikarudi kufundishwa. Waliokiogopa waliona dhambi za Rosa. Fimbo ya Zakaria, baba mlevi aliyempiga binti yake kwa ajili ya barua ya kijana, waliipita haraka. (Nasi wazazi twajua kuipita.) Rosa alilindwa kwa woga tu, alipokuwa mbali na fimbo, hakuwa na la kumwongoza.

Binti alituuliza: je, Rosa aliyejiua amepotea milele? Tulimfungulia Katekisimu, namba 2283: Kanisa halikati tamaa juu ya wokovu wa watu hao, tena huwaombea. Akanyamaza, kisha akauliza kama aweza kumwombea mtu wa kitabuni. Tulimwambia awaombee walio hai wanaofanana na Rosa, akianza na wa mtaani kwetu.

Mama yake naye ameazima kitabu.