Ndama yatima ana mlezi, mwenye shamba ana nani?

Majuma machache yaliyopita niliandamana na wanafunzi wa kidato cha tatu hadi katika kituo cha kulelea ndama yatima wa ndovu kilichomo ndani ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Kituo hicho huendeshwa na wakfu ulioanzishwa mwaka wa 1977 na Bi Daphne Sheldrick kwa kumbukumbu ya mumewe, David, aliyekuwa msimamizi wa kwanza wa Mbuga ya Tsavo Mashariki. Umma huruhusiwa kuingia kwa muda wa saa moja tu, kuanzia saa tano asubuhi. Tulifika mapema, tukasimama nyuma ya kamba pamoja na watalii na kusubiri.

Wakaja mbio. Ndama hao, wadogo zaidi wakiwa wamefungwa mablanketi mgongoni, walitoka vichakani wakiwafuata walezi wao waliovaa makoti ya kijani, kila mmoja akiikimbilia chupa yake ya maziwa. Wanafunzi wangu, ambao darasani hawashtushwi na lolote, walipiga mayowe ya furaha. Nami, nisifiche, nililengwa na machozi.

Kazi inayofanywa hapo si ya mzaha. Ndama mchanga hunyonyeshwa kila baada ya saa tatu, usiku na mchana, na mlezi hulala naye katika chumba kimoja. Maziwa ya ng'ombe hayamfai, kwa kuwa tumbo lake haliwezi kusaga mafuta yaliyomo. Bi Sheldrick alitaabika kwa miaka mingi, akizika ndama mmoja baada ya mwingine, hadi alipogundua kwamba mafuta ya nazi yangeweza kuchukua nafasi ya yale yaliyomo katika maziwa ya mama. Katika miaka ya sabini alimlea ndama aliyeitwa Aisha, akanawiri vizuri. Lakini Bi Sheldrick alipoondoka kuhudhuria arusi ya binti yake, Aisha alikataa kula, akadhoofika na kufa kwa huzuni. Ndiyo maana hadi leo walezi hupokezana zamu, ili ndama asimzoee mtu mmoja tu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, wasema wahenga, lakini hapa niliona kwamba mwana naye anao uchungu wake.

Ni katika utulivu uliofuata maelezo hayo ambapo msichana mmoja, mwenyeji wa Taita-Taveta, alinyanyua mkono.

"Hawa wakikua watapelekwa wapi?"

Mlezi alimjibu kwa upole kwamba wakishahitimu hapa hupelekwa Ithumba na Voi, katika Tsavo, au katika msitu wa Kibwezi, na huko hujiunga polepole na ndovu wa porini. Akaongeza kwa fahari kwamba baadhi ya majike waliolelewa na wakfu huo wameshazaa porini, na kwamba wengine huwaleta watoto wao kuwaonyesha walezi wa zamani.

"Voi ni kwetu," akasema yule msichana. "Nyanya yangu alipanda mahindi mara mbili mwaka mmoja, na mara zote mbili yaliliwa na ndovu. Yeye nani humletea chupa?"

Wenzake walicheka. Mlezi hakucheka, wala mimi.

Sitaki nieleweke vibaya. Sisemi kwamba ndama waliolelewa Nairobi ndio wanaovamia mashamba ya Wataita. Ninachosema ni kwamba swali la mwanafunzi huyo linagusa kiini cha siasa yetu ya wanyamapori, na ni swali tunalolikwepa hata katika vitabu vya kiada. Mwulize mwanafunzi yeyote faida za wanyamapori, atakujibu bila kupepesa jicho: hutuletea fedha za kigeni. Nimesahihisha insha za namna hiyo kwa miaka na miaka, na sijawahi kuandika pambizoni: humletea nani?

Tukumbuke tulikotoka. Mwaka wa 1973 nchi hii ilikadiriwa kuwa na ndovu wapatao 167,000. Kufikia mwaka wa 1989 walikuwa wamesalia chini ya 20,000, wengi wakiwa wameuawa kwa ajili ya pembe. Julai mwaka huo Rais Moi aliteketeza tani 12 za pembe mbele ya macho ya ulimwengu, na biashara ya kimataifa ya pembe ikapigwa marufuku. Rais Uhuru Kenyatta naye aliteketeza tani 105 mwezi wa Aprili 2016. Hesabu ya mwaka wa 2021 ilionyesha ndovu 36,280. Hayo ni mafanikio, na anayeyabeza hana haki.

Lakini yatima wa leo si lazima awe yatima wa bunduki. Wapo wanaotolewa katika visima vilivyochimbwa na wafugaji wanaotafuta maji. Wapo waliopoteza mama zao kwa ukame. Serikali ilitangaza kwamba kati ya Februari na Oktoba 2022 pekee, ndovu 205 walikufa nchini. Na wapo ambao mama zao walijeruhiwa katika ugomvi na binadamu. Mapito ya kale yamezibwa kwa nyua, mashamba, barabara na miji. Reli mpya iliyoanza kazi mwaka wa 2017 inakatiza Tsavo, na ingawa imewekewa vivuko vya wanyama chini yake, ndovu hakuulizwa angependa kuvukia wapi. Mwananchi naye vilevile hakuulizwa: zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita-Taveta imo ndani ya mbuga za Tsavo, na watu wanabanana katika sehemu iliyosalia.

Sheria iliyopitishwa mwaka wa 2013 iliahidi fidia ya shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, na ikataja pia mazao na mifugo. Kwenye karatasi ni sheria nzuri. Walakini madai mengi yamekaa miaka mingi bila kulipwa, na mkulima hufunga safari mara kwa mara kutoka ofisi hadi ofisi akiwa na fomu iliyokunjwa mfukoni. Ndama akilia usiku, mlezi huamka mara moja. Mkulima analia miaka mitano.

Kuna mahali panapoonyesha njia nyingine. Huko Samburu, katika hifadhi ya Namunyak, wenyeji wenyewe walifungua kituo cha Reteti mwaka wa 2016. Walezi ni vijana wa hapo hapo, wanawake kwa wanaume. Tangu mwaka wa 2020 ndama wa Reteti wamekuwa wakilishwa maziwa ya mbuzi, na maziwa hayo hununuliwa kutoka kwa akina mama wa vijiji vya jirani. Mama anayeuza maziwa hayo hahitaji kuhubiriwa kuhusu thamani ya ndovu, kwani anaihesabu mkononi.

Sidai kwamba mbuzi wa Samburu watatatua tatizo la mahindi ya Taita. Nadai tu kwamba mkulima wa Voi alipwe haraka kama ndama anavyookolewa haraka, na kwamba pesa za kulipia nyua za umeme na fidia zitengwe kwanza, kabla ya zile za semina za hotelini. Iwapo wafadhili wa ng'ambo wanaweza kumfadhili ndama mmoja kwa jina lake, kwa nini serikali ishindwe kumjua mkulima kwa jina lake na kumlipa?

Tulipokuwa tukirudi, basi lilikwama katika msongamano wa magari kwenye Barabara ya Lang'ata. Yule msichana alikuwa ameketi dirishani, akiwaonyesha wenzake picha za ndama aliyempenda kuliko wote, yule mdogo aliyegaagaa matopeni. Nikamwuliza kama ningeweza kuliandika swali lake gazetini. Akafikiri kidogo, kisha akasema, "Andika, Mwalimu. Lakini andika pia kwamba niliwapenda."